Mama Mkwe Anataka Picha

Wewe uliyeoa, ukajaliwa watoto, kisha ukachagua kazi isiyokuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi, sogeza kiti tuongee. Wengine wakisikia mtu ni mpiga picha wa kujitegemea hudhani anashinda akizurura na kamera shingoni, akingoja jua litue nyuma ya Mlima Elgon. Waache na dhana yao. Wewe na mimi tunajua kazi yenyewe hufanyika sebuleni, katikati ya makochi, birika la chai na madaftari ya hesabu, na kwamba kinachomsumbua mpiga picha wa Kitale si mvua. Ni watu anaokula nao ugali.

Sebule yetu usiku ni ya familia, mchana ni studio. Ukuta unaotazamana na dirisha una misumari miwili, na kwenye misumari hiyo hutundikwa shuka jeupe. Mbele ya shuka hilo wamekaa vijana wanaotafuta pasipoti waende Qatar na Saudia, wanafunzi wenye fomu za kujaza, akina mama wa chama wanaofungua akaunti. Watu wa fomu hutaka nyuma kuwe kweupe, basi shuka lile ndilo linalotulisha. Lakini muulize mama watoto. Yeye alilinunua liwe la kitanda cha wageni, na mpaka leo anasema nililiteka. Wimbi likitaka kuanikwa, shuka linashuka ukutani. Chama kikija kwetu, linatandikwa mezani. Kuna kijana alinijia amenyoa vizuri, tai ya kuazima shingoni. Nikamkalisha, nikaweka jicho kwenye kamera, na juu ya sikio lake la kushoto nikaona doa la chai lenye umbo la Ziwa Turkana. Shuka likafuliwa, kijana akangoja likauke, akala chakula cha mchana kwetu, jirani akamwombea safari njema, akaondoka jioni na picha zake. Siku hizi hupiga simu kutoka Doha kumsalimia mama watoto na kuuliza kama wimbi lilikauka.

Huyo mama watoto humu ndani tunamwita Hazina Kuu. Namba ya kulipia iko kwenye simu yake. Mteja akituma pesa za kushikilia tarehe ya harusi, mimi napata habari kwa njia ya unga mpya jikoni, mafuta ya kupikia na risiti ya karo. Nikiuliza, ananionyesha meseji ya M-Pesa kisha ananionyesha matumizi, na matumizi yote ni ya haki. Sijawahi kushinda mjadala huo, na sijui mume wa kazi ya aina yangu aliyewahi kuushinda.

Kifungua mimba wetu ni Spika. Bado mwanafunzi, lakini hakuna anayezungumza mezani kabla yeye hajampa nafasi. Anayemfuata ni Kanjo, na jina lake amelitafuta mwenyewe, maana hufanya kazi ya askari wa kaunti: akikuta kitu kimewekwa, anakichukua. Betri za flashi yangu nimezikuta ndani ya tochi ya kwendea chooni, ndani ya redio ya jirani, na safari moja ndani ya gari la kuchezea alilolitengeneza kwa kopo la mafuta, nalo lilikuwa linakwenda vizuri kweli. Kitindamimba ni Toroka. Huyo ukimwacha mlango wazi unamtafuta sokoni. Halafu yuko shemeji yangu, Seneta, ndugu wa Hazina Kuu, aliyekuja kutusalimia wikendi moja akaona hewa ya Kitale inamfaa. Yeye ndiye msaidizi wangu wa kushika rifleta, ile sahani kubwa ya fedha ya kurudishia mwanga. Seneta huahidi kila kitu. Ukimsimamisha kanisani amwangazie bibi harusi, baada ya dakika moja mwanga umehamia kwa wasimamizi wake.

Niseme kidogo juu ya mwanga, kwa sababu ndio ulionifanya nikaipenda kazi hii na ndio unaonifanya nivumilie mengine yote. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Asubuhi ukungu unashuka kutoka mlimani, mahindi yanasimama ndani yake hadi kiunoni, na nyuso za watu zinapata mwanga laini usio na kivuli. Kufika saa sita jua limeshasimama utosini, kwa kuwa tuko jirani kabisa na ikweta, na kila mzee mwenye kofia anapoteza macho yake. Saa tisa mvua. Kwa hiyo siku nzima ina vipande viwili vya kazi, cha asubuhi na cha jioni, na katikati yake kamati za harusi hupanga picha ya ukoo mzima saa saba mchana, kwenye uwanja usio na mti. Ukiteremka Bungoma, mita 500 chini zaidi, joto linapanda, na mwanga wa jioni ukipiga juu ya miwa unageuka rangi ya asali. Nimepiga harusi nyingi Bungoma na Webuye. Wazee wa harusi hizo bado husimulia zamani za kiwanda cha karatasi, kabla mitambo haijazimwa 2009, jinsi msafiri alivyojua amefika Webuye akiwa amefumba macho, kwa harufu tu.

Hazina Kuu huniuliza: hao wapiga picha wakubwa unaowataja kila siku, nyumbani kwao palikuwaje? Nami hupenda swali hilo, maana jibu lake linanipa nguvu. Humwambia juu ya Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, na mwanawe Rohit akairithi, wakapiga picha za masultani na za watu wa kawaida, za kabla ya mapinduzi na za baadaye, yote ndani ya familia moja. Humwambia juu ya Omar Said Bakor wa Lamu, aliyejifunza kazi mwenyewe, akakata picha kwa mkasi na kuziunganisha upya hadi sura ya mtu ikachomoza mahali ambapo mwili hauwezi kufika, miaka mingi kabla ya kompyuta kuingia studio. Humwambia juu ya Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliamsha dunia. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto, akatengenezewa mkono wa bandia, akarudi kazini na kamera. Alifariki Novemba 1996 katika ndege iliyotekwa nyara ikaanguka karibu na Komoro. Hazina Kuu husikiliza mpaka mwisho, kwa sababu anayaheshimu maisha ya watu. Kisha huuliza kama mkono wa bandia ulimzuia Mohamed Amin kukunja shuka na kulirudisha kabatini.

Sasa tuje kwa mama mkwe.

Mama ni mtu wa Chwele, na ni Mbukusu wa kizazi kile. Kama wewe si wa huku kwetu, elewa kwamba mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, hawakai karibu, na macho yao hayapaswi kukutana. Ni heshima, na mimi nimelelewa ndani ya heshima hiyo, siidharau hata kidogo. Miaka yote ya ndoa yangu nimemjua mama kwa kilemba, kwa mgongo, na kwa sauti inayotoka chumba cha pili. Akitaka kuniambia neno, humwambia Spika: mwambie baba yako. Mimi nipo palepale, nimesikia, lakini nangoja Spika aniletee ujumbe ndipo nijibu, na jibu langu nalo linarudi kwa njia hiyohiyo. Spika ameupata uspika wake huko.

Mama alikuja Kitale kutibiwa mtoto wa jicho. Hakulala kwetu hata usiku mmoja, maana kwa mila yake hilo haliwezekani. Alilala kwa mdogo wake mtaa wa Tuwan, na mchana akaja kukaa na wajukuu huku mimi nikihamia nje na kompyuta yangu chini ya mparachichi. Bandeji ikatolewa, jicho likafunguka, na hapo ndipo balaa tamu ilipotuingilia. Mama akaanza kuona. Aliona vumbi juu ya kabati. Aliona kwamba Toroka ana meno ya babu yake. Aliona Seneta amenenepa, akamuuliza ni kazi gani inayomnenepesha. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa picha yake ya zamani, ile pekee aliyowahi kupigwa akiwa peke yake, akaitazama muda mrefu karibu na dirisha.

“Huyu si mimi,” akasema. “Hii ni nyumba isiyo na taa.”

Spika akaniletea picha chini ya mparachichi, amegeuza upande wa uso chini ili nisione. Nikamwomba anieleze. Akasema Kukhu, yaani bibi yake, ameonekana kitambaa na meno, uso wote umezama. Nilijua mara moja kilichotokea, kwani ndicho kinachowatokea watu wetu wengi. Kamera hukadiria mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake, kikijumlishwa, ni kijivu cha katikati. Ukimkalisha mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, weupe unaidanganya, inapunguza mwanga, na uso ndio unaolipa gharama. Tena tatizo hili ni la zamani. Kwa miaka mingi Kodak iliwapelekea wasafishaji picha kadi zenye mwanamke mweupe, kadi za Shirley, na rangi zilipimwa kwa ngozi yake. Filamu haikutengenezwa ikimfikiria mama wa Chwele. Mimi nasema kazi ya kwanza ya mpiga picha wa Kiafrika ni kukataa hesabu hiyo: ongeza mwanga hata kama ukuta utaungua, mpaka uone ngozi ina rangi yake, na ndani ya rangi hiyo mna nyingine tatu au nne.

Mama akatoa tamko. Anataka picha nyingine, nzuri, ya kuwekwa juu ya jeneza lake siku yake ikifika, na kwenye kijitabu cha maombolezo. Huku kwetu hilo si neno la kutisha. Mtu mzima anajiwekea picha ya mazishi kama anavyojiwekea akiba, akitaka watu wamuage akiwa na sura yake. Hazina Kuu alilia kidogo, kisha akasema mpiga picha si yuko hapo nje? Kimya. Spika akanitazama kupitia dirisha. Mpiga picha yupo, ndiyo, lakini mpiga picha ni mkwe, na sijui namna ya kumpiga mtu picha ya uso bila kumtazama usoni.

Hatukupata jawabu siku hiyo. Ilikuwa Agosti 2024, mwaka unaogawanyika kwa mbili, na kwa Wabukusu hiyo ni Agosti ya tohara. Mteja wa karibu na Chwele alikuwa amenipa kazi ya mwanawe, kuanzia usiku wa kuamkia siku yenyewe, na Hazina Kuu alikwisha kupokea nusu ya pesa. Mteja alilipia Probox ya kumchukua mpiga picha na vifaa vyake. Usiku ule Hazina Kuu akatangaza kwamba kwa kuwa gari linakwenda Chwele, na mama anarudi Chwele, na shule zimefungwa, vifaa vya mpiga picha vitakuwa ni pamoja na mama, watoto wote, Seneta, magunia mawili, na jogoo wa kumpelekea kaka yake.

Umewahi kupanga watu ndani ya Probox kwa kufuata mila? Mama, kwa heshima yake, anakaa mbele na dereva. Mimi nikikaa nyuma, kile kioo cha ndani kinamletea uso wangu. Spika akatumwa: mwambie dereva ageuze kioo. Dereva, kijana mwenye adabu, akasema anaogopa polisi kuliko mila. Mama akahamia nyuma, mimi mbele, sasa mimi ndiye niliyemwona kiooni. Tukaweka Kanjo katikati awe mpaka, lakini Kanjo alikuwa ameinama akichunguza zipu ya begi la betri. Mwishowe nikapanda buti ya nyuma, pamoja na tripodi, magunia na jogoo, nikiangalia tulikotoka. Kila mtu akapumua.

Na hapo buti nilipata mojawapo ya asubuhi nzuri za maisha yangu ya kazi. Mpiga picha amezoea kutazama anakokwenda, lakini kutoka kule nyuma kila kitu kilinijia kikishapita, kikinipa mgongo kisha kikageuka kunishangaa. Kiminini, bodaboda amefunga godoro ubavuni, na juu ya godoro amekaa bibi mwenye mwavuli. Kamukuywa, akina mama wa nyanya wananawishana mikono. Tulipokata kona kuelekea Kimilili, sauti ya mama ikatoka mbele, akiwasimulia wajukuu habari za Elijah Masinde, mtu wa huko, aliyekuwa mchezaji mashuhuri wa mpira kabla ya kuanzisha Dini ya Msambwa na kufungwa na Waingereza. Nilipiga picha kupitia kioo chenye vumbi, na vumbi lile likaziba makali ya jua vizuri kuliko kichujio chochote ninachokijua. Picha hizo nimezifanyia albamu. Nimezipa jina la Kuelekea Chwele Kinyumenyume.

Usiku wa tohara haulaliki, wala haupaswi kulalwa. Kijana anapiga chinyimba, zile kengele mbili anazozigonganisha na vyuma vya mikononi, na ukoo wote unacheza naye. Niliomba stima ya kuchaji betri, nikaambiwa stima imepotea tangu mchana. Nikafungua begi kutafuta betri za akiba: Kanjo alikuwa amezigawa, mbili kwa binamu mwenye redio, mbili kwa mjomba mwenye tochi ya kulinda ng'ombe. Zikarudishwa moja moja, kila moja na maelezo yake. Kadi ya kumbukumbu nayo nikaikuta imejaa video za Seneta akiimba kwaya. Hazina Kuu akazifuta bila kumuuliza mwenyewe, na nyumba nzima ikamshukuru.

Alfajiri wanaume tukateremka mtoni. Agosti jua la Bungoma huchomoza kama saa kumi na mbili na dakika arobaini, na kijana anafika majini kabla ya hapo. Nilitumia lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa hadi mwisho, na nikapandisha ISO mpaka kamera ikaanza kulalamika kwa chengachenga. Hazinisumbui. Wakampaka matope baridi kuanzia kichwani, wakampachika bonge lenye majani utosini, naye akatulia. Tope lilipoanza kukauka shavuni lilipasuka mistari midogo, na ndani ya mistari hiyo ngozi yake ilikuwa na vinyweleo vimesimama kwa baridi. Macho yake hayakupepesa. Baba mtu alisimama kando, na kwa kuwa haruhusiwi kuonyesha hofu, alikuwa anaionyesha kwa vidole vya miguu, vilivyokuwa vinajikunja na kujikunjua ndani ya matope. Nilipiga uso wa mtoto na miguu ya baba. Kisu sikipigi, sijawahi, na mteja ananijua hivyo. Wala mwili wa mtoto hauendi kwenye simu za watu. Kuna wenzangu vijana wanaoziuza picha hizo mitandaoni, na nawaambia wazi kila tunapokutana kwamba mtoto yule atakuwa mzee siku moja, na picha atakuwa bado anayo.

Jioni yake tukarudi kwa mama. Mlango wa jiko lake unatazama mashariki, kwa hiyo jua likishapita upande wa pili pale panabaki kivuli cheupe kilichotulia, na moshi wa kuni unaoning'inia ndani unafanya giza la nyuma liwe laini. Niliutazama mlango ule nikajua hapo ndipo. Shuka jeupe, ambalo Hazina Kuu alikuwa amelileta mwenyewe likiwa limepigwa pasi, mama alilikataa kwa ujumbe mfupi kupitia Spika: mwambie baba yako mimi si mgonjwa.

Basi tukafanya hivi. Nikasimamisha tripodi mapema mama akiwa shambani. Nikamkalisha Hazina Kuu kwenye kigoda, nikapima mwanga kwa uso wake, nikaongeza mpaka paji likapata rangi yake. Nikamkabidhi Spika kitufe. Kisha nikajificha nyuma ya ghala la mahindi, mahali ambapo naweza kusikia bila kuona, nikaanza kuelekeza kwa sauti. Mama akaja, akakaa. Nikasema, mwambie Kukhu ainue kidevu kidogo. Spika akamwambia. Mama akasema, mwambie baba yako kidevu changu kimekaa hapo miaka yote. Seneta akainua rifleta, na kwa kuwa hapakuwa na msichana wa rika lake uani, mwanga ulikaa mahali pake kwa mara ya kwanza tangu tuanze kufanya kazi pamoja. Jogoo, ambaye hakuna aliyemfunga, akaingia jikoni na kutoka. Toroka akamfuata. Kanjo akamfuata Toroka. Mimi nyuma ya ghala nasikia mbio, nasikia sufuria, nasikia Hazina Kuu akiita majina yote kwa mpigo, na katikati ya hayo yote nasikia mama anacheka, na nasikia kamera inabonyezwa, tena, tena, tena.

Mama alipoondoka nikatoka, Spika akanisogezea kamera. Mkono wangu ukasita. Je, kumwona mama kwenye picha ni kumwona? Hakuna aliyejua. Swali likapelekwa kwa wazee waliokuwa wakinywa busaa chini ya mwembe, nao wakaligeuza huku na huku kwa uzito unaostahili. Mmoja akasema uso ni uso. Mwingine akasema mbona kwenye mazishi mkwe huitazama picha na hapigwi faini. Mjomba wa Hazina Kuu, mwenye neno la mwisho, akatuma mtu amuulize mama mwenyewe. Jibu likaja kwa mdomo wa Spika: mwambie baba yako atazame vizuri, asije akaisafisha vibaya.

Nikatazama. Mama ameegemea fremu ya mlango, mikono imelala gotini, kidole cha shahada kimepinda kwa miaka ya jembe. Anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Jicho lililotibiwa lina ule mraba mdogo wa mwanga ndani yake, ua mzima umo humo, ghala limo, na ukikuza picha sana unaona kitu cheusi pembeni mwa ghala ambacho nadhani ni bega langu. Nimeishi na binti wa mwanamke huyu, nimekula jasho la mikono hii kila Krismasi, na hapo ndipo nilipojua Hazina Kuu alilitoa wapi lile paji, na lile tabasamu la upande mmoja analolitoa akimaliza kusoma meseji za M-Pesa. Spika aliniuliza kama picha ni nzuri. Nilimwambia ukweli, kwamba nimefanya kazi hii tangu kabla hajazaliwa na sina uso nilioupiga uliotulia hivyo.

Jicho lake Spika sikulifundisha mimi peke yangu. Tangu akiwa mdogo nimekuwa nikimpeleka pale Makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na mikusanyo ya Stoneham, mlowezi aliyefungua makumbusho yake binafsi ya wadudu, ndege na vitabu mwaka 1926, na yaliyofunguliwa kuwa ya taifa mwaka 1974. Sisi huenda kwa ajili ya njia ya msituni iliyo nyuma. Chini ya miti ile mwanga unadondoka vipandevipande, na Spika alikuwa akikaa kwenye gogo kungoja kipande kimoja kimfikie nyani usoni. Hakuwa na kamera. Alikuwa anangoja tu.

Picha ilisafishwa Bungoma mjini, ikatiwa fremu, ikapelekwa Chwele. Mama aliitundika mlangoni badala ya kuifungia sandukuni, akisema bado anaitumia. Majirani wakapita, wakaona. Wiki haijaisha simu zikaanza kuingia Kitale, bibi baada ya bibi, kutoka Chwele, Sirisia na Kimilili, kila mmoja akitaka picha ya mlangoni yenye uso wake halisi. Wengi wana wakwe wa kiume wanaowaheshimu, lakini hawamtaki mwanamume yeyote nyuma ya kamera. Wanamtaka yule msichana, Spika. Hazina Kuu amepokea malipo ya awali ya watano, ameandika tarehe zote za likizo ya Desemba ukutani, kwenye ule ukuta wa studio, kwa kalamu isiyofutika. Seneta amejitangaza meneja. Kanjo ameajiriwa kulinda betri, na tangu aajiriwe hakuna hata moja iliyopotea. Mimi nimeambiwa nitafute ghala la kujificha nyuma yake kila boma tutakalofika, na nimepewa agizo jingine tayari: kuna bibi Sirisia ambaye hana ghala, ana choo tu, na mlango wake unatazama magharibi, kwa hiyo lazima tuwe tumefika kabla ya saa mbili asubuhi, maana yake kuondoka Kitale saa kumi usiku, nami buti, na jogoo mwingine.